Mahakama Kubwa, Sauti Ndogo

Wako wasomi wetu wasemao kuwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania ni dhaifu kwa sababu Katiba imeifunga mikono. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini ni nusu ya kweli, na wale walioridhika na nusu hiyo wamekoma kuuliza. Mikono imefungwa, nakubali. Ninalodai ni kwamba Mahakama hiyo imejifunga na kinywa pia, kwa hiari yake, na ya kuwa kifungo cha kinywa ndicho kinachofanya vifungo vya mikono visifunguke. Mahakama haina askari wala hazina. Nguvu yake yote ni neno lake, na neno lisilofahamika kwa wale linaowahusu halina wa kulitetea siku linapopuuzwa.

Mimi si mwanasheria. Ni mwalimu wa lugha, na yamkini wanasheria watasema kuwa nimevuka mpaka wa shamba langu. Na waseme. Hukumu ni maandishi, na maandishi ndilo shamba nililoajiriwa kulilima.

Nataka hoja hii ipimwe Tabora, kwa kuwa mazungumzo ya Katiba katika nchi hii yamezoea kufanyika Dar es Salaam na Dodoma, kana kwamba mbele ya hapo hapana watu. Mahakama ya Rufani huenda Tabora kwa vikao. Hufika, husikiliza rufani zilizopanda kutoka Nzega, Igunga, Urambo, Sikonge na Kaliua, kisha huondoka. Njia inayofika huko ni kongwe kuliko serikali zote zilizopata kuitawala nchi hii. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe. Na kutoka hapo njia ikagawanyika, moja kwenda Ujiji katika Ziwa Tanganyika, nyingine kwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857 katika mji uliokuwa ukiitwa Kazeh, ambao ndio Tabora, hawakugundua kitu. Walipokewa na wafanyabiashara waliokuwa na nyumba zao tayari, na waliletwa na wapagazi walioijua njia kuliko wao.

Katika njia hiyo lilikuwapo neno moja ambalo leo limeharibika. Hongo, zamani zile, ulikuwa ushuru. Mtemi alitoza msafara vitambaa, shanga au waya wa shaba kwa haki ya kupita nchini mwake na kunywa maji ya visima vyake, na Ugogo, ambako maji ni haba, hongo ilikuwa nzito kuliko kwingine. Msafara uliolipa ulipita. Usiolipa ulirudi au ulipigana. Mirambo wa Urambo aliifahamu siri hii vizuri. Mwaka 1871 alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, alichokishika hasa si mji bali njia, na njia ilipozibwa biashara ya bara zima ilitikisika. Mamlaka katika nchi ile yalikuwa mikononi mwa yule awezaye kusema nani apite na nani asimame.

Nimelileta neno hongo kwa maana yake ya kale, wala simtuhumu jaji yeyote kwa maana ya leo. Neno rufaa, na nduguye rufani, asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni kuinua, kupandisha. Anayekata rufaa anaipandisha haki yake safarini, kituo kwa kituo, na katika kila kituo yuko mwenye kusema apite au asimame. Mtu wa Sikonge mwenye shauri la mirathi huanza Mahakama ya Mwanzo, hupanda ya Wilaya, hupanda Mahakama Kuu. Akitaka kufika kituo cha mwisho, hawezi mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwa hati kwamba shauri lake lina hoja ya sheria. Kwamba alidhulumiwa haitoshi. Hapana budi dhuluma yake iwe na hoja ya sheria ndani yake.

Hayo ni ya mtu mmoja na mirathi yake. Ya taifa zima ni makubwa zaidi, lakini kwanza tutazame Mahakama hii ilikotoka.

Waingereza walianzisha mahakama ya rufani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1902, na Tanganyika ilipotiwa chini yao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, nayo ikaingizwa humo. Juu ya mahakama hiyo lilikuwapo Baraza la Mfalme huko London. Njia kwenye ramani ilikuwa nzuri: Mahakama Kuu Dar es Salaam, rufani ya Afrika Mashariki, kisha ng'ambo. Illa njia hiyo haikuwa ya Mnyamwezi. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliziondoa mahakama za machifu katika usimamizi wa Mahakama Kuu, ikaziweka chini ya wakuu wa utawala. Mtu wa Unyanyembe aliyeonewa na baraza la chifu alipanda kwa Bwana Shauri, akapanda kwa mkuu wa jimbo, akaishia kwa Gavana. Huyo aliyemtoza kodi ndiye aliyemsikilizia malalamiko ya kodi. Wasemao kuwa Waingereza walituachia utawala wa sheria wangefanya vyema kuisoma sheria hiyo ya 1929 kabla ya kutoa shukrani.

Uhuru uliyarekebisha hayo, na sifa hii tusiinyime. Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwaka 1962 rufaa za kwenda London zilikoma. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilizikusanya mahakama za wenyeji na za wengine katika ngazi moja, na mtu wa Sikonge, kwa mara ya kwanza, akawa na njia moja na mtu wa Oyster Bay. Kileleni ilibaki mahakama ya Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Miaka 2 baadaye, 1979, ikaundwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Kwa hiyo mahakama yetu ya juu kabisa haikuzaliwa kwa furaha ya taifa lililoamua kujipa mlinzi. Ilizaliwa kwa kuwa nyumba ya jirani ilibomoka na sisi tukabaki bila paa. Hati ya Haki za Binadamu ilikuwa haijaingia katika Katiba; iliingia mwaka 1984, na hata hapo mahakama zikazuiwa kuitumia kuzifuta sheria mpaka mwaka 1988.

Ilipopata nafasi, ilionyesha moyo. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ilikibatilisha kifungu kilichomlazimu mwananchi kuiomba Serikali ruhusa ya kuishtaki Serikali hiyo hiyo. Mwaka 2002, katika shauri la Julius Ndyanabo, iliitupa sheria iliyomtaka mtu aweke dhamana ya shilingi 5,000,000 kabla kesi yake ya kupinga uchaguzi wa mbunge haijasikilizwa. Hizi ni hukumu za kujivunia. Nazitaja ili asitokee mtu akasema kuwa nimekuja kuwatukana majaji.

Sasa vifungo. Ibara ya 41(7) ya Katiba yasema kuwa Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hapana mahakama yenye mamlaka ya kukuchunguza kuchaguliwa kwake. Ibara ya 74(12) inazizuia mahakama kuyachunguza yaliyotendwa na Tume katika kazi zake. Mgogoro wa tafsiri ya Katiba baina ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Zanzibar umetengewa Mahakama Maalum ya Katiba, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na upande huu na nusu na upande ule, na ambayo haijapata kukaa hata siku moja. Na Katiba ya Zanzibar, kwa upande wake, inaizuia Mahakama ya Rufani kuisikiliza rufaa ya tafsiri ya Katiba hiyo, pamoja na mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia katika mahakama za kadhi. Mwaka 2000, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake, Mahakama ilisema kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Watuhumiwa 18 wakatoka gerezani, na ubishi wa kama Zanzibar ni nchi au si nchi ukatoka mahakamani ukaingia barazani. Miaka 10 baadaye Zanzibar ikaujibu kwa kuibadili Katiba yake. Basi hivi ndivyo ilivyo mahakama tunayoiita ya juu: juu yake hapana mahakama nyingine nchini, lakini kando yake ziko kuta.

Wenzetu wa mahakama ya Arusha, ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, waliiamua Ibara ya 41(7) katika shauri la Jebra Kambole, Julai 2020. Walisema kuwa inakiuka haki ya mtu kusikilizwa, wakaiagiza Tanzania irekebishe. Tangu siku hiyo tumefanya uchaguzi wa Rais mara 2, mwaka 2020 na 2025, na ibara imekaa pale pale ilipokuwa.

Hayo ndiyo yanayosemwa na wasomi wa nusu ya kwanza, na hadi hapo tunakwenda pamoja. Tunaachana katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila.

Mtikila alikwenda Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993 akidai haki ya raia kugombea uongozi pasipo kupitia chama cha siasa. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa haki hiyo. Serikali ilipeleka muswada bungeni kabla mwaka haujaisha, Katiba ikabadilishwa, ushindi wa Mtikila ukafutwa na wale wale alioshindana nao. Akarudi. Mwaka 2006 majaji 3 wa Mahakama Kuu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 majaji 7 wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema kuwa mahakama haina mamlaka ya kuibatilisha ibara ya Katiba, na ya kuwa jambo la mgombea binafsi ni la kisiasa, wakalirudisha bungeni. Bungeni! Ndiko lilikotoka mwaka 1994 likiwa limenyongwa.

Ukuta huu haukujengwa na Katiba. Hapana ibara inayosema kuwa Mahakama ya Rufani haiwezi kuipima ibara moja ya Katiba kwa nyingine. Ukuta ulijengwa kwa kalamu ya Mahakama yenyewe, na ni mrefu kuliko ule wa 41(7), kwa sababu unamfundisha kila mwenye wingi wa kura bungeni kwamba dhuluma yoyote ikishaandikwa ndani ya Katiba haiguswi. India mwaka 1973 mahakama yao ya juu ilikataa kujenga ukuta wa namna hiyo. Ilisema kuwa Bunge laweza kuirekebisha Katiba lakini si kuuvunja msingi wake. Majaji wetu waliijua hoja hiyo wakaikataa. Miaka 3 baadaye, Juni 2013, mahakama ya Arusha ikampa Mtikila ushindi. Jaji Ramadhani, aliyekuwa amestaafu na kuingia katika mahakama hiyo, hakukaa katika shauri lile kwa kuwa ni Mtanzania, na mwaka 2014 akawa Rais wake. Tarikhi ina mizaha ya namna hii. Mtikila alifariki mwaka 2015. Mgombea binafsi hakupata kumwona katika karatasi ya kura, nasi mpaka leo hatujamwona. Na Novemba 2019 Tanzania ikaiondoa ruhusa iliyowawezesha raia na jumuiya zao kwenda wenyewe Arusha, hivyo njia aliyoipita Mtikila ikazibwa nyuma yake.

Sasa nauliza: hukumu ile ya 2010 ililiondolea taifa zima haki ya kugombea bila chama. Ni Watanzania wangapi walioisoma? Siulizi kama waliafikiana nayo. Nauliza waliisoma. Iliandikwa kwa Kiingereza. Katiba iliyokuwa ikifasiriwa imeandikwa kwa Kiswahili, na Bunge lililoibadilisha lilijadiliana kwa Kiswahili. Mjadala ulipofika kwenye mahakama ya kuukata ndipo ukafunikwa shuka. Magazeti yaliwaambia watu nani ameshinda. Kwa nini ameshinda, na hoja zake zina uzito gani, hayo yalibaki kwa mawakili.

Mtu wa Sikonge niliyemtaja hapo juu hupatwa na jambo hilo kila siku. Mahakama ya Mwanzo humsikiliza kwa Kiswahili na kumwandikia kwa Kiswahili. Akipanda ngazi, lugha huhama. Hujikuta shauri lililoanza kama lake likizungumzwa mbele ya macho yake kama ugonjwa unavyozungumzwa na waganga juu ya kichwa cha mgonjwa. Na ile hoja ya sheria anayotakiwa kuionyesha ndipo apite, hutakiwa kuionyesha katika lugha hiyo ya pili. Hapo ndipo panapotozwa hongo, kwa maana ya kale, naye hana kitambaa wala shanga ya kulipia.

Msomaji ataniambia kuwa jambo hili limekwisha. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni kweli, na tuliishangilia. Mapema mwaka huo huo Jaji Zepharine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika hukumu kwa Kiswahili, na Rais Magufuli akamsifu hadharani na kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Kwa lugha yetu ilikuwa siku njema. Kwa Mahakama, nina shaka. Watu walijifunza siku hiyo kuwa hukumu kwa Kiswahili yawezekana, na walijifunza pia kuwa ngazi ya jaji imeshikwa na mkono wa Ikulu. La pili ndilo waliloliona waziwazi zaidi.

Lakini sheria ile iliacha mlango wa Kiingereza pale haki itakapodai. Mlango wa dharura umekuwa mlango mkuu. Zifungue hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka iliyofuata, zikiwamo zilizotolewa Tabora kwa watu wa Tabora, utaona kuwa zilizo nyingi zimeandikwa vile vile kama zamani. Sheria imebadilika, mazoea yamekataa kuhama nyumba.

Wakiulizwa, majibu ni matatu, na mawili hayana haja ya muda mrefu. La kwanza, ati Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Sheria mwaka 1999, na Mahakama za Mwanzo zimeamua mauzo, mirathi, talaka na wizi kwa Kiswahili miaka yote hii bila kuishiwa maneno. La pili, ati wanasheria wa nchi nyingine hawataweza kutusoma. Hawa wageni wametushughulisha sana. Ningependa tuwashughulikie kwanza wenyeji. La tatu ndilo zito: kwamba lugha haina kazi hapa, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Kenya iliubatilisha uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba 2017, na hukumu yake ilikuwa ya Kiingereza.

Nakubali kuwa Kenya ilifanya hivyo kwa Kiingereza. Lakini Katiba yao ya 2010 ilikuwa imewafungulia majaji mlango huo, na Katiba hiyo ilipigiwa kura na wananchi. Sisi mlango wetu umefungwa, na wa kuufungua ni wananchi wakiudai. Rasimu ya Jaji Warioba, na hata Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalum Oktoba 2014, zilikuwa na Mahakama ya Juu, na zilitaka matokeo ya Rais yaweze kupingwa mbele yake. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na kuahirishwa huko hakukurudishwa tena. Je, nchi ililia? Ililia kidogo, tena mijini. Watu hawaliilii tundu la mahakama ambayo hawajapata kuisikia ikisema nao.

Tabora inajua nguvu ya kusema na watu kwa lugha yao. Kiswahili kilifika huko kwa miguu, mabegani mwa wapagazi, kabla hakijaletwa na barua ya serikali yoyote. Wajerumani walipokuja walikikuta kinafanya kazi, wakakitumia. Na hapo Tabora, Januari 1958, TANU ilikutana kuamua kama itaingia katika uchaguzi wa kura tatu, uliomtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Wajumbe wengi walikuja wakiwa na nia ya kususa. Nyerere aliyekuwa akiwasihi wakubali hakuwa na askari hata mmoja, na chama chake hakikuwa na hazina ya kutajwa. Alisimama, akasema nao, wakamwelewa, wakageuka. Si wote: Zuberi Mtemvu alitoka akaanzisha chama chake, na hilo nalo ni ushahidi, maana hata aliyekataa alijua barabara alichokikataa. Mwenye kudhani kuwa chombo kisicho na upanga hakina nguvu na aupeleleze mkutano ule.

Nami nina mfano wa karibu zaidi, ambao hauhusu marais.

Sheria ya Ndoa ya 1971, katika vifungu vya 13 na 17, inaruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Mvulana husubiri miaka 18. Julai 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, ikatoa mwaka mmoja tena. Mwaka ukapita, na mingine baada yake. Ibara ya 30(5) ya Katiba ndiyo inayoruhusu muda wa namna hiyo utolewe, lakini ibara hiyo yasema pia kwamba sheria itahesabiwa kuwa halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uishe, kwa kulitazama litanguliale. Muda uliisha Oktoba 2020. Kwa maneno ya Katiba yenyewe, nionavyo mimi, vifungu vile vilikufa siku hiyo, na ndoa ya msichana wa miaka 15 haina tena sheria ya kusimamia.

Nani Kaliua aliyeletewa habari za msiba huo? Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Tabora, katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24, wanawake 58 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Kama iko sehemu ya Tanzania ambayo hukumu ile ilipaswa kubandikwa katika kila ofisi ya kijiji, ni huku. Baba anayehesabu ng'ombe wa mahari Urambo hajui kuwa mahakama kubwa ya nchi yake imesema neno juu ya binti yake. Binti hajui. Mtendaji wa kata, ambaye angeweza kumzuia baba, hajui. Mbunge anajua, lakini anajua vilevile kuwa wapiga kura wake hawajui, na kwa hiyo hana haraka. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza kizuri sana.

Mahakama sasa imeanza kutumia mitambo ya kunakili na kutafsiri mashauri, na wapo wanaotuambia tungoje, kwani mashine itamaliza kazi. Mashine na ije. Lakini hukumu iliyofikiriwa katika lugha moja kisha ikateremshwa kwa watu katika nyingine ni nguo ya mtumba: huvaliwa, ila haikukatwa kwa kipimo cha aliyeivaa. Ninalodai ni kwamba jaji afikiri, abishane na wenzake, apime na kuandika katika lugha ya Katiba anayoifasiri. Na hili halihitaji mabadiliko ya Katiba, wala kura ya theluthi mbili, wala ridhaa ya Ikulu. Ni kifungo cha pekee ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwa Mahakama.

Makao makuu ya Mahakama yalihamia Dodoma mwaka 2025, katika nchi ile ile ya Wagogo ambako misafara ilikuwa ikisimama. Kutoka hapo mpaka Tabora reli iko tangu 1912. Kikao kitakachofuata Tabora na kisome hukumu zake zote kwa Kiswahili, wazi, milango ikiwa wazi, na wanafunzi wa shule za mji wakiruhusiwa kuketi nyuma. Na kabla ya kuzisoma hizo, iwe imechapishwa kwa Kiswahili hukumu ya tarehe 23 Oktoba 2019, yote, pamoja na sababu zake, na nakala zake zipelekwe Kaliua, Urambo, Sikonge, Uyui, Nzega na Igunga, kwa watendaji wa kata, walimu wakuu, masheikh na mapadre. Kazi ya kuisanifu lugha yake, Mahakama ikiitaka, idara yetu itaifanya bila malipo.